Uzi Unapojitokeza Kovuni Miezi Baada ya Kukaza Tumbo

Kipele kile huanza kidogo sana. Hutokea juu ya kovu lililokwisha kufunga, mara nyingi upande mmoja wa nyonga au pembeni ya kitovu. Huwasha siku mbili tatu, hupasuka, hutoa tone la maji au usaha, kisha hukauka. Mwenye tumbo anamshukuru Mungu na kuendelea na shughuli zake. Baada ya wiki mbili kimerudi palepale. Safari hii akikitazama vizuri kwenye kioo anaona ncha ya kitu kigumu, ya samawati, ya zambarau au isiyo na rangi kabisa, imechomoza kama unywele wa ufagio. Huo ni uzi wa mshono.

Nawaandikia wanawake wa Eastlands, jijini Nairobi, waliofanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo, ambao siku hizi wako Buruburu, Donholm, Umoja na Fedha, si Kilimani na Lavington peke yake. Nawaandikia pia wale walio wengi zaidi, waliojifungua kwa upasuaji katika hospitali za Pumwani na Mama Lucy au kwenye hospitali ndogo za mtaani, kwa sababu nyuzi zinafanana na mwili unazipokea kwa namna ileile. Jambo kubwa nililo nalo ni hili: kidonda kinachofunga na kufunguka mahali pamoja mara kwa mara kwa kawaida kina kitu ndani yake, na kitapona kitu hicho kikitolewa. Vidonge vitakinyamazisha kwa muda tu. Nimewaona akina mama waliomeza dozi baada ya dozi kwa ajili ya uzi ambao muuguzi angeuchomoa kwa dakika tano.

Ukitaka kujua uzi umetoka wapi, fuata kazi ya daktari. Katika kukaza tumbo, hukata chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, kisha huinua ngozi na mafuta hadi karibu na mbavu. Misuli miwili ya mbele, ile ambayo mimba huitenganisha, huivuta pamoja na kuishona kwa mstari mrefu kutoka chini ya kidari hadi kwenye kinena. Kitovu huachwa kwenye shina lake, ngozi huvutwa chini, hutobolewa tundu jipya, na kitovu hushonwa hapo. Ngozi ya ziada hukatwa. Halafu jeraha hufungwa kwa matabaka: utando ulio katikati ya mafuta, kisha tabaka la chini ya ngozi, kisha ngozi yenyewe. Madaktari wengine huongeza mishono midogo ya kuibana ngozi kwenye misuli ili maji yasijikusanye katikati. Tumbo moja, basi, lina mafundo mengi ya uzi. Mama aliyeambiwa wiki ya pili kwamba ametolewa nyuzi alitolewa zile za nje tu. Nyingine zote bado ziko ndani, na zimekusudiwa zibaki humo.

Ziko za aina mbili. Zipo zinazoyeyuka zenyewe, na kila moja ina muda wake. Vicryl hupoteza nguvu zake baada ya takriban mwezi mmoja na kumalizika katika siku 56 hadi 70. Monocryl huchukua siku 91 hadi 119. PDS ni ya polepole zaidi, miezi 6 hadi 8. Hizi huvunjwavunjwa na maji ya mwili. Katigati, uzi wa zamani unaotokana na utumbo wa kondoo au ng'ombe, huliwa na kinga ya mwili, na ndiyo maana huleta uvimbe na mwasho zaidi. Aina ya pili ni nyuzi za kudumu: nailoni, Prolene, Ethibond. Madaktari wengi huzipendelea kwenye ule mstari wa misuli kwa sababu wanataka mshono ushikilie miaka na miaka. Haziyeyuki kamwe.

Mwili haupendi kitu kigeni. Uzi ukiwa ndani sana, mwili huuzungushia ukuta wa nyama ngumu na kuishi nao. Fundo likiwa karibu na ngozi, kinga ya mwili hulisukuma kuelekea mahali palipo rahisi, yaani juu. Hutokea hivi hata kwa daktari hodari, katika hospitali safi, kwa mgonjwa aliyefuata kila agizo. Nalisema hili kwa sababu jambo la kwanza ambalo wanawake wengi hufanya wakiona uzi ni kujilaumu: nilibeba mtoto mapema, nilikula vibaya, ni adhabu ya kutaka urembo. Hapana. Fundo lilikaa karibu na ngozi, basi.

Muda na mahali vitakueleza mengi kabla hujamwona mtu yeyote. Kipele kwenye kovu la chini kati ya wiki ya nne na mwezi wa tatu kwa kawaida ni fundo la tabaka la juu, tena ni la uzi unaoyeyuka. Hiki ndicho kinachotokea sana na ndicho chepesi zaidi. Mwezi wa tano au wa saba kinaweza kuwa PDS ambayo bado haijaisha. Kipele kinachotokea baada ya mwaka, au miaka mitatu, karibu hakika ni uzi wa kudumu. Na kikitokea katikati ya tumbo juu ya kitovu, mahali ambapo ngozi haina kovu lolote, shughulika haraka: juu yake hakuna mshono wa ngozi, kwa hiyo usaha huo umesafiri kutoka kwenye mstari wa misuli. Huo si wa kuchomolewa kwenye chumba cha kufungia vidonda. Ni wa daktari bingwa.

Rangi pia husaidia. Samawati iliyokoza, ngumu na yenye uso laini, mara nyingi ni Prolene au nailoni. Nyeusi mara nyingi ni nailoni. Zambarau mara nyingi ni Vicryl au PDS. Usiichukulie rangi kuwa hukumu ya mwisho, kwa sababu nyuzi zilezile hutengenezwa pia bila rangi, lakini mwambie muuguzi ulichokiona.

Sasa uko nyumbani, ni jioni, ncha ya uzi inaonekana. Usiivute. Uzi wa juu unaweza kuwa umeungana na mshono mrefu, na ukivuta unaweza kufungua sehemu iliyokwisha kufunga au kuukata uzi na kuacha fundo ndani, ambako litaendelea kukutesa bila mtu kuliona. Usiukate kwa wembe au kwa mkasi wa kucha. Usikibinye kipele kama chunusi, kwa sababu usaha huenda ndani pia, sio nje tu.

Nawa mikono. Osha pale kwa sabuni isiyo kali na maji safi yanayotiririka, na katika ploti ambazo mfereji hutoa maji mara mbili kwa wiki na maji hukaa kwenye mitungi, yachemshe yapoe kwanza. Mimina kwa kikombe. Usikae ndani ya karai. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, funika kwa gozi kavu na plasta, ubadilishe kila siku na kila inapolowa. Basi. Spiriti, Dettol isiyochanganywa na maji, haidrojeni peroksaidi, chumvi ya kuchoma, majivu, dawa ya meno, unga wa vidonge vya rangi mbili vilivyofunguliwa na kunyunyizwa juu: vyote hivi nimekuta vimepakwa, na vyote huchelewesha kupona. Unga wa vidonge ndio unaonisikitisha zaidi kwa sababu hufanya ukoko juu, mama akadhani kidonda kimekauka, kumbe usaha umefungiwa ndani.

Kukandwa tumbo kwa maji moto, kama mama zetu walivyotukanda baada ya kujifungua, kuache kabisa mahali penye uzi au uvimbe. Na korseti, iwe ni ile uliyopewa hospitalini au uliyonunua Gikomba, isigusane moja kwa moja na ncha ya uzi. Weka gozi katikati. Uwe na korseti mbili ili moja ifuliwe na kuanikwa juani wakati nyingine imevaliwa. Korseti yenye jasho la siku nne inatosha kugeuza uzi mtulivu kuwa jipu.

Piga picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, na uweke sarafu ya shilingi 10 pembeni ili ukubwa uonekane. Piga tena baada ya siku mbili. Picha hizo humsaidia daktari kuliko maelezo yoyote, hasa kwa kuwa kipele kina tabia ya kujificha siku unayofika kliniki.

Baada ya hapo nenda ukaonwe, hata kama hakiumi. Kwa uzi wa juu, kituo cha afya chenye chumba cha kufungia vidonda kinatosha. Muuguzi au afisa wa kliniki mwenye uzoefu hushika ncha kwa koleo iliyotakaswa, huinua kidogo, hukata chini ya fundo na kutoa lote. Wakati mwingine sindano ya ganzi haihitajiki. Omba uonyeshwe kilichotoka. Kama ni kipande cha uzi bila fundo, kuna uwezekano fundo limebaki, na unapaswa kurudi ukiona maji tena. Kama kuna jipu, litafunguliwa na kusafishwa. Kama kuna tundu dogo linalotiririka wiki nenda wiki rudi, limegeuka kuwa njia inayoelekea ndani, na hapo unahitaji daktari wa upasuaji, pengine na picha ya ultrasaundi kuona njia hiyo inafika wapi. Hapo ndipo Mama Lucy na hospitali nyingine kubwa zinapofaa, na kwa mishono ya ndani ya kukaza tumbo, bingwa wa upasuaji wa plastiki, anayepatikana katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika hospitali kubwa za binafsi. Bora kuliko wote ni yule aliyekufanyia upasuaji, kama anapatikana, kwa sababu anajua alitumia uzi gani na aliuweka wapi.

Nisimame hapa kidogo, maana hapa ndipo mambo huharibikia.

Wanawake wengi waliokaza tumbo hawakumwambia mtu. Mama mkwe anajua ilikuwa henia. Kazini wanajua ilikuwa uvimbe wa tumbo la uzazi. Kikundi cha akina mama kinajua alisafiri nyumbani mashambani. Siri hiyo ni yake na ana haki nayo. Lakini kipele kinapotokea, siri humfuata hadi kwenye chumba cha daktari, na humo huanza kudhuru. Mama anasema ni kovu la kujifungua. Afisa wa kliniki anaangalia mshono mrefu kutoka nyonga hadi nyonga, anaona haufanani na wa kujifungua, anasita kuuliza. Anaandika antibiotiki. Au mama haendi kabisa. Anamtuma binti yake kwa kemisti kwenye kona, anaeleza "kidonda cha tumbo", anauziwa vidonge vya siku tatu.

Dada, sema ukweli ndani ya chumba kile. Sema: nilifanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo mwezi fulani, mwaka fulani, misuli ilishonwa, na nafikiri ni uzi unatoka. Mfanyakazi wa afya amefungwa na kanuni za kazi yake kutunza siri ya mgonjwa, na Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unakuhakikishia hilo. Ukiona kuna watu wengi pale mapokezi, mwambie sista unaomba kuongea naye faraghani. Atakuelewa. Na kama kuna atakayekucheka, huyo ndiye mwenye kosa.

Kuhusu vidonge vyenyewe. Bakteria wakishika kwenye uzi hujitengenezea utando mwembamba unaowakinga, na dawa iliyo kwenye damu haiwafikii vizuri. Dawa huwaua walio nje ya utando, uvimbe unatulia, nawe unapumua. Ukimaliza dozi, waliobaki kwenye uzi wanaanza upya. Kila mzunguko unawazoesha dawa, na siku utakayoihitaji kweli haitafanya kazi. Antibiotiki zina mahali pake: ngozi ikiwa na joto linaloenea, homa, jipu kubwa, au mama mwenye kisukari. Hata hivyo huenda pamoja na kutoa uzi, na ikiwezekana usaha upelekwe maabara kwanza ukaoteshwe, ili dawa ichaguliwe kwa matokeo na sio kwa kubahatisha. Ukimeza dawa kabla ya usaha kuchukuliwa, maabara huenda isione kitu.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi. Homa na kutetemeka. Uvimbe unaokua kwa saa, si kwa siku. Ngozi yenye joto, iliyovutika na kung'aa, iliyokoza rangi kuliko pembeni yake. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, tafuta joto, mng'ao na giza. Maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana. Harufu mbaya, au majimaji yanayofanana na kinyesi. Kutapika na tumbo kukaza. Na kwa aliyefanyiwa upasuaji majuma ya karibuni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika, ambavyo huashiria damu kuganda kwenye mshipa. Usikae kuhesabu pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na hilo linahusu hospitali ya umma na ya binafsi.

Sio kila kinachotokea kwenye kovu ni uzi. Uvimbe laini unaojitokeza ukikohoa au ukisimama na kurudi ukilala ni ngiri, au mshono wa misuli umeachia. Tumbo likianza kujaa upya katikati baada ya kutulia kwa miezi, bila kuongezeka uzito, fikiria hilo pia. Wengine husimulia kwamba walisikia kitu kimekatika siku walipoinua mzigo. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na anayeupandisha ghorofa ya tano Pipeline, ambako lifti hakuna, anafanya kazi ambayo daktari alipomwambia "usibebe kitu kizito wiki sita" hakuiwazia. Panga hilo kabla ya upasuaji: nani atakuletea maji, nani atabeba mtoto, nani atafua. Usilipange siku ya kutoka hospitali.

Uvimbe mgumu kwenye kovu unaouma kila mwezi siku za hedhi na kutulia zikipita, hasa kwa aliyejifungua kwa upasuaji, unaweza kuwa endometriosi: vipande vya utando wa tumbo la uzazi vilivyobaki kovuni wakati wa upasuaji na sasa vinavuja damu kila mwezi kama ndugu zao. Wengi huambiwa ni uzi kwa miaka. Mwambie daktari kuhusu tarehe. Kovu linalonenepa, gumu, linalowasha na kupita mipaka ya jeraha, bila tundu wala usaha, ni keloidi, na wengi wetu tuna ngozi inayoelekea huko. Ila usikubali sindano ya keloidi mahali panapotoa usaha kabla chanzo cha usaha hakijajulikana. Dawa ile hupunguza kinga ya mahali hapo.

Hali nyingine ni ngumu zaidi, na nataka usiisahau. Baadhi ya bakteria ni jamaa wa wale wa kifua kikuu na huishi kwenye maji ya kawaida ya mfereji. Kifaa cha upasuaji kikisuuzwa kwa maji hayo bila kutakaswa vizuri, huingia jerahani na kulala. Wiki au miezi baadaye vinajitokeza vinundu kadhaa kwenye kovu, vya rangi ya zambarau, visivyouma sana, vinavyopasuka na kutoa maji, na dawa za kawaida hazivigusi. Mwaka 2013 na 2014 wanawake wa Marekani waliosafiri kwenda Jamhuri ya Dominika kukaza tumbo na kunyonywa mafuta kwa bei nafuu walirudi na maambukizi hayo, na matibabu yao yalichukua miezi mingi ya dawa kadhaa kwa pamoja, wengine wakakatwa nyama iliyoathirika. Ukiwa na vinundu zaidi ya kimoja visivyosikia dawa, omba waziwazi usaha upimwe bakteria wa aina hii, kwa sababu upimaji wa kawaida wa siku mbili tatu unaweza usiwaoneshe. Na kifua kikuu chenyewe, ambacho hapa kwetu hakijaisha, kipimwe pia.

Hilo linanileta kwa wanaosafiri kwenda Uturuki au India, na kwa wanaofanyiwa hapahapa kwenye kliniki za ghorofani zinazotangazwa kwa picha za kabla na baada. Anayerudi na ndege siku ya kumi anaacha daktari wake nyuma, na uzi hutoka mwezi wa tatu. Kabla hujalipa, uliza nani Nairobi atakuona baadaye, na umpigie huyo mtu simu uhakikishe anajua ametajwa. Mwishoni mwa 2024 Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lilifunga kliniki moja ya urembo jijini baada ya mwanamke aliyefanyiwa upasuaji hapo kufariki. Baraza lina orodha ya madaktari na vituo vilivyosajiliwa kwenye tovuti yake, na leseni hutolewa upya kila mwaka. Tafuta jina la daktari, si la kliniki peke yake, na uangalie kama amesajiliwa kuwa bingwa, na wa fani gani. Daktari wa kawaida mwenye leseni halali anaweza kuwa mtu mwema kabisa na asiwe mtu wa kukukaza tumbo. Chama cha mabingwa wa upasuaji wa plastiki nchini, KSPRAS, nacho kina wanachama wanaojulikana.

Uliza pia bei ya matatizo, si bei ya upasuaji tu. Kukaza tumbo hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na bima nyingi hazilipii urembo wala kinachofuata baada yake. Waulize: uzi ukitoka mwezi wa nne, nikija, nitalipa? Nikirudishwa thieta, nani atalipa? Jibu waliandike. Kliniki nzuri haitaona vibaya kuulizwa hivyo.

Na kama umeshafanyiwa, pata maandishi yako. Omba muhtasari wa kutoka hospitali na maelezo ya upasuaji yanayotaja nyuzi zilizotumika kwenye kila tabaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zinazokuhusu, za matibabu zikiwemo. Wakisema faili limepotea, andika barua, baki na nakala, na kama hakuna jibu peleka malalamiko KMPDC. Zipige picha karatasi hizo na kuzituma kwenye barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu nyumba za kupanga huhamwa na karatasi hupotea.

Uzi ukishatolewa wote, tundu dogo hufunga kwa wiki moja au mbili. Endelea kuosha na kufunika hadi lifunge lenyewe. Usilazimishe kwa plasta ya kubana. Litaacha alama nyeusi kidogo ambayo hupungua kwa miezi, na kovu kwa ujumla haliharibiki. Kama uliotolewa ni wa mstari wa misuli, usiogope kwamba tumbo litafunguka: baada ya miezi kadhaa ni nyama ya kovu inayoshikilia kazi, na uzi mmoja au nyuzi mbili zikiondolewa mara nyingi hakuna kinachoonekana. Muulize bingwa wako juu ya mizigo na mazoezi kabla ya kuanza upya.

Wengine watapata wa pili na wa tatu. Mwili uliosukuma fundo moja unaweza kusukuma mengine kwenye mstari uleule, na kila moja hutolewa kwa njia ileile. Usiambiwe kwa haraka kwamba una mzio wa uzi. Mzio wa kweli ni nadra. Lakini kama mishono mingi imejitokeza, mwambie daktari atakayekupasua siku nyingine, hata kama ni upasuaji wa kujifungua, ili achague uzi mwingine na kuyazika mafundo ndani zaidi. Andika jina la uzi uliokusumbua kwenye kadi ya kliniki, ukurasa wa nyuma, kwa kalamu isiyofutika.